Msasa Kwenye Bunduki ya Baba

Poli,
S.L.P. 417,
Usa River, Arusha.
8 Septemba 2024

Mpendwa kaka Elinami,

Shikamoo kaka. Huko Bergen mnaendeleaje? Wifi Angel na mtoto Lucky hawajambo? Sisi huku tunapumua, tunamshukuru Mungu, ingawa kifua cha Mama kinamsumbua kwa baridi hii ya mlimani na kahawa mwaka huu imezaa kidogo sana.

Tafadhali acha kujilaumu kwa kukosa mazishi ya Baba. Viza si mali yako. Watu walijaa mpaka barabarani, na kwaya ya usharika iliimba hadi Baba mdogo Efraimu, yule jiwe, akalia kama mtoto.

Sasa kaa chini. Nakuandikia kwa sababu kwa simu haiwezekani. Mama anaweka spika na nyumba nzima inasikia.

Ni habari ya bunduki ya Baba. Unaikumbuka, ile ya mdunguaji yenye darubini ya kulengea, ya Vita vya Pili, aliyouziwa kwa kibali na yule mzungu mzee wa shambani, aina ileile aliyobeba Babu Yoeli kule Burma. Wakusanyaji wa silaha za zamani walikuwa wanamfuata Baba hata kutoka Nairobi awakagulie za kwao, na wengi walirudi wamenuna: bunduki ya kweli, darubini ya kweli, lakini zimekutanishwa juzijuzi tu. Ya kwake ilikuwa jozi tangu kiwandani. Ushahidi ni namba ya darubini iliyogongwa kwenye mti wa bunduki, pale shingoni mwa kitako, hafifu, unaisoma kwa kulaza tochi. Hakukubali hata siku moja ipigwe picha, matapeli wasije wakaiga namba ile kwenye mti mwingine. Na Mama hakuruhusiwa kuigusa. Miaka yote ile ya ndoa, ole wake apitishe kitambaa!

Alipolazwa, Baba aliomba kitu kimoja tu: bunduki iende makumbusho, ikae pamoja na picha ya Babu. Wenye makumbusho walikubali, mradi ithibitishwe kwamba ni jozi. La sivyo, kwa kuwa mwenye leseni hayupo, polisi wangeichukua ikateketezwe. Afande wa kituo alikuwa muungwana, akakubali tuisalimishe siku ileile mtaalamu atakayokuja kuikagua.

Basi kaka, wewe unajua kwetu mgeni haonyeshwi kitu cha marehemu kikiwa kichafu. Siku moja kabla, mimi niko kazini Sekei, Mama akaitoa. Akamwomba fundi aliyetengeneza jeneza msasa na vanishi iliyobaki. Akakaa barazani akasugua kutwa nzima, polepole, huku anaimba. Narudi jioni, naikuta inang'aa kama kabati la bibi harusi. Akaniambia, "Mwanangu, leo na mimi nimemtunzia baba yenu kitu alichokipenda." Weee! Ningemwambia nini, kaka? Nikasema, imependeza, Mama.

Mtaalamu, dada mmoja anaitwa Catherine, alifika na afande kesho yake. Akasoma namba za kwenye chuma, akasoma za darubini, akaitikia kwa kichwa kwa furaha. Halafu akalaza tochi pale shingoni. Akapitisha kidole, akapitisha tena. Mti ulikuwa laini kabisa. Aliniita kwenye migomba akaniambia anaamini kila neno letu, lakini hawezi kutia sahihi kwa kitu asichokiona. Naye machozi yalimlengalenga. Nilitaka kumchukia nikashindwa, maana hata Baba asingetia sahihi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Afande akaondoka nayo. Wiki iliyopita imeteketezwa.

Mama hajui. Aliona gari linatoka getini akapunga mkono, akiamini inakwenda makumbusho. Baba mdogo anataka aambiwe, eti ukweli ni ukweli. Nimemwambia akithubutu, asikanyage tena hapa. Tangu Baba afariki, ndiyo kwanza Mama ameanza kulala usingizi. Akijua ni mikono yake, atapona kweli?

Ila yeye ameshaanza kupanga. Anasema ukija Krismasi utatupeleka wote tukaitazame, na kitenge cha siku hiyo ameshanunua. Jana ameniuliza kama taa za mle ndani zitaonyesha vizuri alivyoisugua. Nilikwenda jikoni nikalia, nikausingizia moshi. Kaka, wewe ndiye mkubwa. Niambie nitampeleka wapi.

Wasalimie sana wifi na Lucky. Baba mdogo Efraimu na shangazi Ndeshi wanakusalimu. Mungu aliyempokea Baba akulinde huko ugenini, akurudishe salama nyumbani.

Mama naye anakusalimu. Yuko hapa pembeni anamenya ndizi, hana miwani, anadhani nakuandikia habari za kahawa. Amesema nikuambie usichelewe kuja, kwa maana amesikia makumbusho hufungwa siku za sikukuu.

Ni mimi dada yako nikupendaye siku zote,
Anyesi