Bomba la Gari la Mafunzo

Jumatatu, 3 Machi

Dai langu ni hili, nami nitalitetea mbele ya yeyote: gari dogo halihitaji bomba pana la moshi. Linahitaji bomba linalolitosha. Kipenyo kikizidi, moshi hupoteza kasi, na injini ndogo huishiwa nguvu pale pale inapozihitaji — mwanzo wa safari, mlimani, kwenye gia ya kwanza. Si suala la ladha. Ni fizikia.

Nayaandika haya kwa sababu leo bomba la gari letu la mafunzo limekatika katikati. Kutu. Shangazi, mwenye chuo cha udereva — chuo! gari moja, ubao mmoja, viti sita — amenikabidhi shauri zima. Amesema mimi ndiye msomi wa nyumba, nikachague. Nadhani palikuwa na kejeli kidogo. Nimekubali hata hivyo. Nina miaka miwili tangu nihitimu, na hili ndilo jambo la kwanza mtu kuniomba nilifikirie.

Jumatano, 5 Machi

Nimeshinda kwa fundi wa ekzosi. Wanamwita Mluzi, kwa kuwa hachomelei chuma bila kupiga mluzi. Alinipangia mabomba matatu sakafuni. La kwanza mfano wa lile la kiwandani: kimya kabisa. La pili la wastani, lenye sailensa iliyonyooka ndani, linanguruma kidogo. La tatu pana, mdomo wake unameza ngumi. Alinisihi nichukue la tatu. Vijana wote hulitaka hilo. Nikamweleza habari ya kasi ya moshi. Nikamchorea kwa chaki. Alinisikiliza kwa adabu zote, kisha akauliza mimi nimeshafunga mabomba mangapi.

Swali halikuwa hoja.

Nimechagua la pili. Gari letu halina mshale wa kuonyesha mizunguko ya injini, na Shangazi hufundisha kubadili gia kwa sikio: injini ikilia, ipandishie. Bomba la kimya lingewanyima wanafunzi mwalimu wa pili. Hoja safi! Nilijipongeza njia nzima.

Alhamisi, 6 Machi

Limefungwa. Linatetemesha! Si mngurumo tu — sakafu yote, viti, usukani. Mluzi hakuwa na ile mipira ya kuning'inizia bomba, akalichomelea moja kwa moja kwenye bodi. Anadai ni kwa muda. Mipira ikifika atalirekebisha bure. Mwanafunzi wa saa tatu, karani wa benki, amelalamika kwamba meno yanamgongana. Shangazi alitoka nje. Aliniangalia, akaliangalia gari, akaniangalia tena.

Jumamosi, 8 Machi

Jambo la ajabu.

Namsaidia Shangazi kufundisha, na ninaye mwanafunzi mshonaji, mama wa makamo, asiyesikia tangu utotoni. Tunaandikiana katika daftari lake la vipimo, katikati ya vifua na viuno vya wateja. Wiki nne mfululizo alikuwa akiizima injini kila kona. Nilimwandikia nadharia ya klachi, kurasa tatu. Alijibu chini ya urefu wa mkono wa mtu fulani: "Mwalimu, hata kwa kalamu unapayuka."

Leo hakuizima hata mara moja. Ya pili, ya tatu, kurudi ya pili — laini kama maji. Nilimpongeza yeye, na nakiri, nilijipongeza mwenyewe zaidi. Kurasa zangu tatu!

Shangazi alikuwa mlangoni. Akauliza nimebadilisha nini. Nikasema: mbinu.

"Muulize yeye, mwanangu," akasema. "Usijijibu."

Nikamuuliza. Akaandika bila haraka: "Sasa gari linanipa habari kwenye nyayo. Kama cherehani. Uzi ukikaza, mguu unajua kabla ya jicho. Zamani gari lenu lilikuwa bubu."

Katika ukurasa uliotangulia, kwa mwandiko wangu mzuri, yalikuwapo maneno ya wiki iliyopita: Sikiliza injini. Nilikuwa nimeyapigia mstari.

Nimekaa nayo jioni nzima. Nimesoma vitabu vingapi — na sikuona nilichokuwa naandika, nikimwandikia nani.

Jumanne, 11 Machi

Mluzi amepiga simu. Mipira imefika, nipeleke gari. Karani naye anauliza lini. Mwanafunzi mwingine ameshahamia chuo cha jirani. Shangazi amenijulisha bila lawama yoyote, na hiyo ndiyo namna yake kali zaidi.

Lakini mtihani wa mshonaji ni Ijumaa, kwa gari hili hili. Amepata kazi ya kushona sare za shule tatu. Shule zinataka mtu atakayezisambaza mwenyewe. Asipoonyesha leseni Jumatatu, kazi inakwenda kwa mwingine.

Nimemwandikia swali linalonikera: siku akinunua gari lake, tulivu, lisilotikisika, itakuwaje? Je, hili letu si mkongojo tunaompa, ambao baadaye atanyang'anywa? Nilidhani nimefikiri kwa kina. Alicheka hadi akajifuta macho kwa ncha ya khanga.

"Nikinunua langu nitachagua bomba mwenyewe," akaandika. "Wewe hili ulilichagulia masikio. Mkongojo ni wa nani?"

Nikaliweka daftari, nikachukua simu.

Mluzi nimemwambia mipira isubiri. Alipiga mluzi mrefu kwenye simu, akasema msomi amenogewa na kelele. Shangazi ameridhia kwa sharti moja: karani nitamfundisha mimi, kila siku, na malalamiko ya meno yake niyasikilize mimi.

Ijumaa, 14 Machi

Nilikaa kiti cha nyuma. Mtahini alikaa mbele — miwani, kalamu mbili mfukoni. Nilimpa vibao nilivyoviandika, vya kumwonyesha mshonaji: kulia, kushoto, simama, egesha. Alivitumia bila kunung'unika. Namtendea haki kwa kulisema hilo.

Dakika ishirini na tano. Mlima, makutano, kuegesha kinyumenyume. Injini haikuzima. Vioo alivitazama kuliko mwanafunzi yeyote niliyewahi kumfundisha, na kuliko mimi.

Kisha mtahini hakutia saini. Kwanza alisema gari linatetemeka mno. Nikajibu kwamba asubuhi lilikaguliwa katika uwanja wake mwenyewe, likapita. Akasema basi, dereva asiyesikia honi ni hatari. Nikauliza kama huwapima wale wanaofunga vioo na kufungulia muziki. Akasema mimi si mtahiniwa. Hapo alikuwa sahihi. Nikauliza ni kanuni gani inayomkataza.

"Ipo," akasema.

Ipi?

"Ipo, kijana."

Mshonaji alikuwa ametutazama midomo, mmoja baada ya mwingine. Alifunga daftari, akashuka, akaenda kusimama upande wa nyuma wa gari, kiganja juu ya bodi, injini ikiwa bado inawaka.

Shangazi ameniomba nisiwashe moto. Mtu yule ndiye huwapima wanafunzi wetu wote, akikasirika, tutafunga. Nami kwa mara ya kwanza sina uhakika kama natetea haki au natetea kiburi changu. Vinafanana sana vikiwa ndani ya mtu mmoja.

Jumamosi, 15 Machi

Nimemuuliza mshonaji anataka nini. Hilo nimejifunza. Ameandika: "Nataka kuiona hiyo kanuni. Na waione wote."

Nimeandika tangazo la kubandikwa kwenye ubao wa uwanja wa mitihani. Kurasa mbili. Amefuta aya ya fizikia. Amefuta falsafa. Amefuta "kwa unyenyekevu", akaandika pembeni kwamba si kweli. Yamebaki machache, na jina lake ametia yeye kwanza, mimi chini yake. Shangazi ameisoma karatasi mara mbili. Hajasema ndiyo. Ameuliza tu kama tunazo pini.

Nanakili hapa kabla hatujatoka:

"Kwa mtahini wa barabarani. Jana ulimnyima leseni mtahiniwa aliyeendesha dakika ishirini na tano, na hukutaja kosa lolote la uendeshaji. Ulisema kanuni ipo. Ibandike hapa, chini ya karatasi hii, kwa namba yake na maneno yake, ili kila anayesubiri zamu aisome. Kama haipo, andika hapa hapa kwamba haipo, utie saini. Tutakuja kusoma jibu Jumatatu saa mbili asubuhi. Usitujibu ofisini."