Ndege wa Baba Hanywi Chome

Jumatatu, 3 Juni

Viungo kumi na vinne vya nyaya za umeme leo, kutoka stendi hadi barabara ya hospitali. Viwili vinachemka. Kwa macho huoni kitu, kwenye kamera ya joto vyeupe kama kaa la moto. Kesho tunapanda kuvikaza. Vumbi tupu. Midomo imepasuka.

Nimerudi nyumbani nikamkuta Shangazi Nakijwa kibarazani, ameshuka kutoka Chome na kikapu cha ndizi. Chini ya ndizi, ndani ya soksi ya sufu, ndege wa baba. Yule wa kioo. Baba alimwambia akamtupe shimoni. Shangazi kaniletea mimi. "Lawama yake unayo wewe," kasema, "basi na yeye mwenyewe umchukue."

Simtaki. Nimemweka juu ya kabati, anatazama ukuta.

Kipaimara cha Neema, binti wa kaka, ni tarehe thelathini. Ukoo mzima utakuwa kwa baba. Najua nitaitwaje nikishuka tu kwenye gari.

Jumanne, 4 Juni

Muua Ndege. Jina langu ni Namsifu, lakini ndivyo ninavyoitwa, hata na watoto.

Niandike yote, hakuna anayesoma hapa. Baba amefundisha fizikia hapa Same miaka thelathini. Ndege alipewa na mwalimu mwenzake aliyekuwa akiondoka. Tumbo la kioo lenye kioevu chekundu, shingo ndefu, kichwa cha kitambaa. Unamlowesha kichwa, unamwekea kikombe cha maji, anainama, anakunywa, anainuka, anainama tena. Siku nzima. Wanafunzi walimwita Bwana Kiu. Wapo watu wazima mjini hapa waliosahau kila alichowafundisha baba isipokuwa Bwana Kiu.

Miaka mitatu iliyopita baba alistaafu akarudi mlimani. Nilimpakata ndege mimi. Tangu tufike Chome hajanywa hata tone. Baba akasema nimemvunja. Alisema Krismasi mbele ya wote, wakacheka, jina likabaki. Wao walikuwa wanatania. Baba hakuwa anatania.

Alikuwa na kinyongo cha zamani. Alinitaka niwe mwalimu. Nikaacha chuo mwaka wa pili nikaenda kwenye umeme. "Mwanangu anapanda nguzo kama kima." Hajawahi kuniuliza nikiwa huko juu nafanya nini.

Na hili sijamwambia mtu: njiani nililala. Kwenye zile kona. Niliposhtuka ndege alikuwa amelala ubavu mapajani. Kwa hiyo pengine kweli nilimuua.

Jumatano, 5 Juni

ANAKUNYWA!

Sijui nilitaka nini. Nilikuwa nakunywa chai, nikamteremsha, nikamlowesha kichwa kwa kidole, nikamsogezea kikombe. Kwa kumsanifu tu. Akatikisika. Kioevu kikapanda shingoni polepole kama mtu anayefikiri. Akainama. Akanywa. Akainuka.

Nimelia. Halafu nimecheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta.

Nimemwelekezea kamera ya kazini. Kichwa bluu, tumbo njano. Nilikuwa nimesahau, sasa naona kwa macho yangu: maji yanakauka kichwani, yanaondoka na joto. Kichwa kikipoa, mvuke wa ndani unanywea, kioevu kinavutwa juu, kichwa kinaelemewa, anainama. Akiinama, mvuke wa tumboni unapata njia ya kwenda kichwani na kioevu kinarudi chini. Anasimama. Bluu juu, njano chini. Hakuna uchawi wala betri.

Sikumvunja. Miaka mitatu naitwa muuaji na sikumvunja.

Alhamisi, 6 Juni

Bado anakunywa. Nimechelewa kazini kwa sababu yake.

Jumamosi, 8 Juni

Aibu. Hasira. Sijui nianze na ipi.

Nimepanda Chome. Nimempakata, macho wazi njia nzima, sikusinzia hata kufumba na kufumbua. Ukungu ulitupokea kabla ya kijiji. Shikamoo baba, marahaba, nikaketi, nikaomba kikombe. Shangazi akasogeza kiti. Nikalowesha kichwa.

Akasimama wima kama askari wa gwaride.

Tulimtazama mpaka chai ikapoa. Nikalowesha tena. Wima. Baba akavua miwani, akaifuta, akasema, "Namsifu. Umeniletea maiti mara ya pili."

Nikapandisha sauti. Nikasema kule kwangu anakunywa. Akasema hata marehemu hutembea kwenye ndoto za watu. Nikamwambia ashuke Same aone. Magoti, akasema. Halafu, mbele ya shangazi, akatamka: "Siku ndege huyu atakapokunywa ndani ya nyumba hii, mwenyewe, bila mkono wa mtu, nitasimama mbele ya ukoo wote nikuombe radhi."

Baba ni mzee wa kanisa. Akisema kitu amesema. Nilisikia aliyoyasema, nikasikia pia jinsi alivyo na uhakika kwamba siku hiyo haipo.

Jumapili, 9 Juni

Nimeshuka naye. Nimemweka mezani saa nane mchana, nikamlowesha. Anakunywa. Mnafiki mkubwa wewe.

Jumanne, 11 Juni

Sili vizuri. Nawaza ndege. Fundi mwenzangu kaniuliza kama nimepata mchumba.

Alhamisi, 13 Juni

Nimeanua nguo. Nilizianika saa tatu, saa nne zimekauka, suruali ya kazi ngumu kama mbao. Nikakumbuka likizo za utotoni kwa bibi Chome: gauni moja linakaa kambani siku tatu na bado linamaliziwa juu ya moto jikoni ndipo livalike.

Nikaketi chini hapo hapo na nguo mkononi.

Chome hakuna kinachokauka! Hewa ya kule imeshiba maji. Kichwa cha ndege hakikauki, kwa hiyo hakipoi, kwa hiyo hainami. Hakuvunjika. Alikuwa mahali ambapo hata taulo halikauki.

Na baba! Baba aliyeichora hii ubaoni miaka thelathini! Lakini alifundishia Same siku zote. Hajawahi kumtoa ndege huku chini kabla ya kustaafu. Na siku ndege aliposimama wima, tayari alikuwa na mtu wa kulaumu. Ukishampata mwenye kosa hutafuti tena sababu. Nimekasirika, halafu nimemhurumia, halafu nimekasirika tena.

Jumamosi, 15 Juni

Chome, na ndege na kamera. Ruhusa nimeomba kazini, nimesema naenda kupima kiungo kinacholeta shida. Si uongo mkubwa.

Ukungu mpaka mlangoni. Nimelowesha kichwa, nikampa baba kamera. Kichwa na tumbo rangi moja. Hakuna bluu, hakuna njano. Baba alitazama muda mrefu sana. Nikaona anaelewa. Akasema neno moja, unyevu. Akaenda dirishani akasimama akiutazama ukungu kana kwamba umemtukana.

Nikangoja. Kama mtoto anayengoja matokeo.

Akarudi akasema, "Sasa tunajua kwa nini hanywi. Lakini hajanywa."

Nilitaka kumrushia kikombe. Nikalishika tumbo la ndege kwa kiganja, kioevu kikapanda, akainama. Baba akatikisa kichwa. Mkono wa mtu huo. Nikasema tumsogeze jikoni karibu na moto. Akasema kioo kikipasuka nitaitwa jina jingine. Mbishi! Sasa najua nimerithi kwa nani.

Lakini kamera hakuirudisha. Saa mbili nzima alizunguka nayo. Kuku, ng'ombe, sufuria, nyayo zake mwenyewe sakafuni zinazofifia. Alimpima shangazi akagundua pua yake ni ya baridi kuliko vitu vyote nyumbani. Shangazi kasema ni pua ya ukoo, ajipime na yake. Sijamsikia baba akicheka hivyo tangu mama afariki.

Nimeondoka bila ushindi na sina huzuni. Ajabu.

Jumatano, 19 Juni

Nimesafisha viungo kwa spiriti kabla ya kukaza. Vidole vikapata ubaridi ule. Kamera ilikuwa shingoni, imewaka. Nikaangalia vidole vyangu. Bluu. Bluu kabisa, juani, mchana!

Spiriti haingoji hewa iwe kavu. Hewa imejaa maji, haijajaa spiriti. Itakauka hata Chome. Hata ndani ya wingu.

Nimepiga kelele juu ya nguzo. Mtu wa bodaboda chini akadhani umeme umenipiga.

Ijumaa, 21 Juni

Nimejaribu nyumbani. Nimefunga bafu, nimemwaga maji ya moto ndoo mbili, mvuke mpaka kioo kikatoa jasho. Maji kikombeni: wima. Spiriti kikombeni: anainama kama muumini.

Sitamwambia mtu. Hata shangazi.

Jumamosi, 29 Juni

Nimefika Chome. Wanachinja, wanamenya ndizi, watoto wamelala watano watano. "Muua Ndege amekuja!" Nimecheka nao. Tumboni sikucheka.

Naogopa. Bafu si Chome. Akisimama wima kesho mbele ya watu wote, jina litanifuata mpaka kaburini, na baba hatanisikiliza tena juu ya jambo lolote.

Ukungu mzito. Siku tatu hawajaliona jua. Vizuri, asije akasema hali ya hewa imenisaidia.

Jumapili, 30 Juni

Niandike kabla sijasahau neno.

Kanisani vizuri, Neema kapendeza, kalia kidogo. Tukarudi, tukala. Wali, nyama, ndizi. Wakati wa zawadi nikasimama, nikasema ya Neema nimeshatoa, nina jambo na baba. Nikaweka ndege juu ya meza kuu. Makelele. Baba mdogo Eliamani akaomba wote wasimame dakika moja kumkumbuka marehemu. Wakasimama kweli!

Nikatoa chupa, nikajaza kikombe, nikalowesha kichwa, nikarudi nyuma mikono juu ili waone. Kamera nikampa Neema atutangazie rangi.

Kwanza hakuna kitu. Kisha Neema akasema kichwa kinageuka rangi. Zambarau. Bluu. Kioevu kikaanza kupanda na sebule yote ikanyamaza, hata watoto. Akatikisika. Akatikisika tena. Akainama mpaka mdomo ukaingia kikombeni.

Sijui nani alipiga kigelegele cha kwanza. Nadhani ni mimi.

Baba mdogo akanusa kikombe. "Hii si maji! Mwalimu, ndege wako anakunywa spiriti nyumbani kwa mzee wa kanisa!" Watu wakaanguka kwa kicheko. Mmoja akasema ndege atengwe. Mwingine akasema atengwe lakini apewe nafasi ya kurudi kundini. Baba mdogo akashikilia kwamba sharti limevunjwa, ndege wa maji anywe maji. Baadhi wakamuunga mkono. Nikahisi ushindi unaniponyoka.

Baba alikuwa hajacheka. Alikuwa ameinamia meza, miwani puani, anahesabu kimya kimya mara ndege anazoinama. Akanyoosha mgongo. "Sikusema maji," alisema. "Nilisema atakapokunywa."

Akasimama. Magoti yale. Akashika kiti.

Alisema hivi, nimeyashika yote: "Nimefundisha watoto wa watu kwamba kitu kikikukatalia, kwanza uliza kwa nini. Mimi mwenyewe sikuuliza. Niliuliza ni nani. Nilihamia kwenye mawingu nikamlaumu mtoto. Namsifu hakumvunja ndege. Mwanangu, uniwie radhi."

Mbele ya wote. Wajomba, majirani, mchungaji na soda yake.

Sikujua niweke wapi mikono. Nikasema, yameisha baba. Sauti ikatoka nyembamba kama ya Neema. Shangazi akaanzisha pambio na mambo yakaharibika, watu wakacheza mpaka meza ikasogezwa dirishani, na ndege akaendelea kuinama peke yake juu yake bila mtu kumjali.

Nina furaha. Naiandika wazi ili nisije nikabishana nayo baadaye. Nina furaha.

Jumatatu, 1 Julai

Wageni wameondoka asubuhi. Mimi nimebaki mpaka gari la mchana. Nimeosha sufuria na shangazi. Mvua nyepesi.

Baba aliniita kibarazani. Alikuwa na daftari na kalamu. Akauliza, huko juu ya nguzo, unajuaje kiungo kipi kimeoza kama vyote vinaonekana sawa? Nikamweleza. Nikamweleza pia kwamba chuma kinachong'aa huidanganya kamera, kinarudisha joto la vitu vingine, hata la uso wako, kwa hiyo unabandika kipande cha utepe mweusi kwanza na kupima hapo. Aliandika. Akachora nguzo, vibaya. Akauliza kwa nini mweusi. Nikaanza kueleza haraka haraka nikijua atanikatiza.

Akainua kalamu. "Rudia hapo," akasema. "Sijaelewa."

Nikarudia.