Bendera Iliyofumuka

Mwenzangu, uko? Nina hasira mpaka basi.

Nimetoka na baba ofisi ya vitambulisho. Chake kimechakaa, tulikwenda kubadilisha tu. Karani kasoma jina la ukoo, kauliza, "Babu yako alihamia hapa mwaka gani?" Baba akamtajia. Akaambiwa alete cheti cha kuzaliwa cha babu yake. Cha babu! Mtu aliyekufa baba hajaota hata meno!

Nikaanza kufoka, baba akanifinya mkono. Si unamjua.

Sasa sikia. Baba hamtazami karani, anatazama bendera iliyotundikwa nyuma yake. Upindo umefumuka. Na baba ndiye anayezishonea bendera ofisi zote za huku tangu mimi na wewe tuko shule! Akazunguka meza, akaushika ule upindo, akasema, "Hii kazi yangu. Nishushie niirekebishe."

Karani akamjibu, "Mzee, usiguse. Hiyo ni ya wananchi."

Ya wananchi! Anaambiwa baba!

Sasa hivi yuko kwenye cherehani. Nilidhani anajituliza, kumbe anawashonea bendera nyingine. Nikamuuliza, hata baada ya maneno yale?

Hakuinua hata macho. "Lakini imefumuka, mwanangu."