Meza Iliyofunuliwa

Jumatano, 1931

Kilatini! Sikijui hata neno moja, lakini leo kimenitoa kwenye meza yangu.

Asubuhi pale sokoni Kariakoo, kabla sijapanga ubani wangu, Mwalimu Paulo wa misheni alinijia na elimu yake. Ati neno "meza" tumeachiwa na Mreno, naye alilipata kwa Warumi, katika Kilatini chao. Ati kwa Kilatini hata altare, pale padri anapoweka mkate, ni meza.

Nikamwambia hayo ya kanisani. Hapa meza ni riziki. Ukisikia fulani ana meza, mpe binti yako. Akacheka. Nikapandwa na hasira, nikavuta gunia nililofunikia meza yangu, nikagonga mbao: "Hii! Hii ndiyo meza!" Kisha tukaenda kumalizia ubishi kwa muuza kahawa.

Gunia nikalibeba begani, mjinga mimi. Hata paka wa sokoni wanajua kwamba meza yenye gunia ina mwenyewe, na iliyo tupu ni ya atakayewahi.

Niliporudi, Bi Mwanaidi muuza samaki alikuwa ameshapanga ng'onda wake juu ya meza yangu.

"Dada, meza yangu hiyo!"

"Nimeikuta tupu, kaka. Nikapiga bismillahi."

Soko zima likawa upande wake. Nimeuza ubani nikiwa nimechuchumaa chini. Kesho nitaipata, lakini nani atanunua ubani unaonuka samaki?

Mke wangu nimemsimulia yote, Mreno na Warumi. Hakuacha kupepeta mchele.

"Kumbe Mrumi naye alibeba gunia lake," akasema, "Mreno akapanga samaki."