Mkojo Unaopanda Juu

Adero, usicheke kwanza. Leo daktari amenianika mbele ya mkwe!

Frankline ndiye alinipeleka hospitali, na unajua mimi na mume wa binti yangu hata kwa meza moja hatuli. Daktari akauliza kwa sauti, "Mama, unabana mkojo?" Mbele ya mkwe!

Frankline akaangalia dari. Mimi nikaangalia viatu.

Daktari akasema eti mkojo wangu unatoka kwa kibofu unapanda tena juu, unachoma figo. Nikificha ukweli, figo zinaenda.

Basi nikajibu kwa sauti kumshinda: "Nabana kutwa nzima pale soko la Dunga, nisiachie watu samaki!"

Mkwe akatoroka. Atoroke! Heshima haisafishi damu.

Kesho sokoni nikienda choo, chunga samaki wangu. Nikirudi nikute vichwa vyote.