Vitunguu vya Filamu Yangu

Ijumaa

Sawa, Naserian ndiye mshindi. Wivu unanichoma, siwezi kujidanganya.

Leo darasa zima lilitazama filamu zetu. Yangu ilikuwa na kila kitu cha filamu ya huzuni: mama wa kambo mwenye roho mbaya, kinanda, kifo cha ghafla. Hadi vitunguu nilibeba kutoka nyumbani Mang'ola, waigizaji wapate machozi. Watu wakacheka.

Yake ni mzee wa kwao Soitsambu tu, kauza ng'ombe wake wa mwisho, anarudi bomani na kengele ya yule ng'ombe mkononi. Hakuna muziki. Hakuna anayelia. Mwalimu akasema, "Jifunzeni hapo."

Nijifunze nini, wakati yeye hakufuata hata…

Kinachoniudhi zaidi, nililia. Bila kitunguu. Na Naserian aliniona.