Makoti Thelathini, Misumari Ishirini na Tisa

Chuoni, Minnesota
Mei 9

Baba mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwangu. Natumai goti lako limepata nafuu sasa kwa kuwa theluji imekwisha, na kwamba shangazi Ardis bado anakuletea chakula kila Jumatano hata ukimwambia umeshiba. Mimi ni mzima wa mwili. Huku mvua inanyesha, na mahafali yamebakiza wiki mbili.

Utashangaa kupata barua wakati tunazungumza kwa simu kila Jumapili. Hili limenishinda kulisema huku unanisikia.

Unakumbuka nilipochagua historia iwe somo langu kuu. Ulinicheka ukasema, "Haya, nenda kasome habari za waliokufa, lakini nichukulie angalau kozi sita za hisabati, nipate cha kuongea na wewe." Ndivyo hisabati ilivyokuwa somo langu la pembeni. Kozi tano nilifaulu kwa kuhangaika, na kila nilipofaulu ulikwenda kutangaza mgahawani kwa Lorna, mpaka wazee wa kahawa wakaanza kuniita profesa. Ilibaki moja.

Mtihani wa Aprili wa kozi hiyo tulipewa tukaufanyie vyumbani, bila msimamizi, kama ilivyo desturi ya hapa. Ukimaliza unaandika kwa mkono wako kwamba hukutoa wala kupokea msaada, kisha unatia sahihi. Ulipokuja kunitembelea mwaka wa kwanza uliipenda mno desturi hiyo. Ulisema ungekuwa bado unafundisha ungeipeleka shuleni kwako kesho yake, halafu ukacheka ukasema labda baada ya Curt kumaliza. Curt, mwana wa shangazi, uliyemfelisha kwa kunakili kwenye mtihani, shangazi akakununia Krismasi mbili.

Swali la nne lilinitesa siku mbili. Watu thelathini wako kwenye sherehe, wengine wanapeana mikono, wengine hawapeani. Onyesha kwamba lazima wapo wawili waliopeana mikono na idadi sawa ya watu. Jumapili ile ulipopiga simu nilikudanganya kwamba ni fumbo tu tunalobishania mezani na wenzangu. Ukasema, "Ngoja nizime jiko." Baada ya dakika ishirini ukapiga tena.

Baba, tangu ulipostaafu sijawahi kukusikia vile. Uliniambia nisahau sherehe, nifikirie chakula cha kanisani wakati wa baridi, na makoti kwenye korido. Misumari ina namba, kuanzia sifuri hadi ishirini na tisa, na kila mtu anatundika koti lake kwenye namba ya mikono aliyoshika. Lakini akiwepo aliyemshika kila mtu, hawezi kuwepo ambaye hakushikwa na yeyote. Kwa hiyo msumari wa kwanza au ule wa mwisho lazima ubaki mtupu. "Makoti thelathini, misumari ishirini na tisa. Sasa niambie, mwanangu, mawili yatakosaje kubanana?" Ulikuwa unacheka peke yako. Niliandika kila neno, chini yake nikaandika kwamba sikupokea msaada, nikatia sahihi.

Wiki iliyofuata Dk. Pruitt, mwalimu wetu, aliniita ubaoni nieleze. Yale makoti yalimfurahisha kupita kiasi. Aliniuliza nimeyatoa wapi, nikasema nyumbani. Darasa zima likacheka likidhani natania, nami nikacheka nao. Hilo ndilo ninaloona aibu kuliandika kuliko yote.

Jumanne hii nilikwenda ofisini kwake nikamwambia ukweli. Hakufoka. Aliuliza kama aliyenisaidia alijua ni mtihani, nikamwambia hakujua. Kozi imefutwa, na bila kozi ya sita hakuna hisabati. Nitahitimu, ila kwenye karatasi ya mahafali, chini ya jina langu, utakuta historia peke yake. Najua umeshawaambia wote mgahawani. Najua pia kwamba nimekuingiza katika jambo lile lile ulilomfelishia Curt, tena bila kukuuliza.

Ukiona huwezi kuja nitaelewa, ingawa nitakutafuta kwenye viti.

Nisalimie shangazi, na umwambie Curt nimemkumbuka. Dk. Pruitt naye anakusalimu. Ameniomba nikufahamishe kwamba swali la nne umepata ishirini kati ya ishirini.

Binti yako,
Maren